Jibu: Ikebana (sanaa ya Kijapani ya kupanga maua), nianze na shule ya Ikenobo, Ohara au Sogetsu?

Mkuu, kabla hujatuma hiyo hela ya cheti, simama. Uliposema umeambiwa cheti cha shule moja kinatambulika na nyingine zote, tumbo limenikata. Ndivyo nilivyoambiwa mimi nilipofika Kyoto.

Hakitambuliki! Kila shule ina mkuu wake, iemoto, na vyeti vinatoka makao makuu. Mwalimu anapeleka maombi yako tu. Ada ya cheti haimo kwenye ada ya mwezi, na ukipanda ngazi nayo inapanda. Nilianza Ikenobo, ile kongwe ya hekalu la Rokkakudo, nikalipia ngazi baada ya ngazi kwa sababu mwenyeji wangu mmoja, mjuaji wa kila kitu, alisema "lipa tu, ukihama utaendelea ulipoishia". Kazi ikanihamishia mji ambao mwalimu wa karibu ni wa Sogetsu. Nikaenda na vyeti kwenye bahasha. Mama wa watu akavitazama kwa heshima zote, kisha akanifungulia kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza.

Na hela ilikuwa nusu tu ya hasara. Mkono ulishazoea shoka (si la kukatia kuni, ni mtindo wa Ikenobo), ambapo matawi yote yanatoka majini yamebanana kama shina moja. Sogetsu, iliyoanzishwa na Teshigahara Sofu mwaka 1927, kwenye mtindo wa msingi unapima chombo: upana jumlisha kimo, zidisha kwa moja na nusu, hapo ndipo unakata tawi kuu. Hilo linainama nyuzi 15 kutoka wima, la pili 45, la tatu 75. Mimi nabana, mwalimu anang'oa. Nabana tena, anang'oa tena.

Nikambana yule mwenyeji. Eti "kumbe wamebadilisha utaratibu?" Wamebadilisha nini, mfumo wa tangu enzi za mashogun, wale watawala wa kijeshi wa Japani ya zamani! Na msinicheke, wengine mmeuziwa viwanja hewa Kigamboni. Cheti changu angalau kina muhuri, na kinaziba ufa ukutani.

Usilipie cheti chochote kabla hujakaa darasa la majaribio kwenye shule zote tatu, na kabla hujajua mkataba wako wa kazi unakuweka mji huo hadi lini. Kujifunza unajifunza hata bila cheti. Ukipenda bakuli pana, Ohara ndio walioleta moribana, mtindo wa kupanga maua kwenye chombo kipana kisicho na kina, mwishoni mwa karne ya 19, ila hata huko cheti kisubiri!

Uliuliza vifaa pia. Kenzani, kile kitako cha sindano, nunua kizito, chepesi kinapinduka na tawi. Mengine baadaye. Hela umeshatuma au bado?