Jibu: Beetle 1300 ya 1972 inatoa moshi asubuhi, fundi anasema ni ovaholi

Mkuu, umesema Beetle (Volkswagen) yako inatoa moshi asubuhi na inakosa nguvu mlimani, na fundi anataka ovaholi, yaani kuifungua injini yote na kuifanya upya. Usikubali injini ifunguliwe kwa sababu ya moshi wa asubuhi peke yake. Silinda za Beetle zimelala, kwa hiyo gari likikaa usiku kucha oili kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni. Ukiwasha unaona moshi wa bluu, halafu unakata. Usipokata hata injini ikishapata moto, hapo ndipo pa kuhofia.

Hilo la kukosa nguvu mlimani, anza na tapeti, yaani kuseti uwazi mdogo kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Injini iwe baridi kabisa, uwazi uwe milimita 0.15. Valvu ya ekzosi ya silinda namba 3 iangalie kwa makini: kama uwazi wake unapungua kila mara unaposeti, valvu inavutika, na siku ikikatika kichwa itatoboa pistoni. Kisha pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) silinda zote nne.

Halafu zima injini, shika puli ya krenki (gurudumu la mkanda kwenye shafti kuu ya injini) kwa mikono miwili, ivute kwako na uisukume. Ukisikia "tak, tak", mchezo, yaani kulegea kwa krenki kwenda mbele na nyuma, umezidi. Mimi niliwahi kufungiwa pistoni na ringi mpya bila kipimo hiki kufanywa. Miezi michache baadaye beringi za krenki zilikuwa zimelegea ndani ya bloku na injini ikashushwa tena. Iliniuma sana.

Oili ni lita 2.5 tu na haina filta, ni chujio la waya, kwa hiyo mwaga kila kilomita 5,000.

Leta namba za kompresheni hapa tuzisome pamoja.