Kebo au kustrimu? Maswali yenu kuhusu bili ya televisheni

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja: pesa ya televisheni inaishia wapi? Nimezijibu zile zinazowagusa wengi. Kebo ni televisheni ya kulipia inayoingia nyumbani kwa waya; kustrimu ni kutazama kupitia intaneti. Bei hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo kwenye mifano natumia namba tupu. Weka sarafu yako mwenyewe. Nikitaja dola, hizo ni bei za Marekani, ambako kampuni nyingi kubwa za biashara hii ndiko zilikoanzia.

Mwandishi, nijibu bila kuzunguka: kipi nafuu, kebo au kustrimu?

Kustrimu, mradi intaneti ya nyumbani unayo tayari na unaridhika na huduma moja au mbili. Ukivuka hapo jibu linaanza kuyumba.

Watu hulinganisha tangazo na tangazo. Wewe chukua bili uisome mstari kwa mstari. Tuseme kifurushi cha kebo kimetangazwa kwa 60. Chini yake utakuta kodi ya ving'amuzi viwili, cha sebuleni na cha chumbani, 8 kila kimoja. Kuna ada ya chaneli za kawaida za eneo lako, 14. Hapo tumefika 90. Kodi ya serikali ikiwa asilimia 10, unalipa 99. Na ile 60 yenyewe mara nyingi ni ofa ya mwaka wa kwanza. Mwezi wa 13 bei inapaa, na anayekuarifu ni bili yenyewe. Ukitaka kujitoa kabla mkataba haujaisha, kuna faini. Mchezo huu wa ada za pembeni ulikithiri hadi mwaka 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikapitisha kanuni ya kuzitaka kampuni za kebo na za dishi zionyeshe bei nzima ya huduma ya televisheni kwa mstari mmoja.

Sasa njoo upande wa pili. Huduma moja ya 15 inaonekana kama bure. Lakini nyumba yenye watu watano haitosheki na huduma moja: huyu anataka mpira, yule tamthilia, watoto wanalilia katuni, na kila kitu kina mwenyewe. Huduma nne za 15 ni 60. Ongeza intaneti ya 50, umefika 110, umeipita kebo.

Ila hiyo intaneti uihesabu au usiihesabu? Kama ungeilipia hata bila televisheni, kwa ajili ya kazi na masomo ya watoto, iache nje. Hesabu tu nyongeza ya kupandisha kasi, kama ipo. Kwako ni 60 dhidi ya 99. Jirani yako anayeingiza intaneti kwa ajili ya televisheni peke yake, kwake ni 110 dhidi ya 99. Bidhaa ni zile zile, majibu mawili. Ndiyo maana mtu akiniuliza kipi nafuu, namuuliza kwanza intaneti anayo?

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko bei ya mwezi. Huduma nyingi za kustrimu unalipia mwezi mwezi na kujitoa wakati wowote, bila fundi kuja nyumbani na bila faini. Anayezishika zote nne miezi 12 amejinunulia kebo nyingine kwa jina jipya. Shika mbili, maliza ulichokifuata, toka, ingia nyingine. Katika mfano wetu ile 60 inageuka 30, na tamthilia uliyoiacha haikimbii.

Nilijiunga bei ikiwa nusu ya ilivyo sasa. Hawa watu wataacha lini kupandisha?

Sioni wakiacha. Chukua Netflix, huduma ya kustrimu filamu na tamthilia: kifurushi chake cha kawaida Marekani kilikuwa dola 7.99 mwaka 2011. Mwanzoni mwa 2025 kilifika dola 17.99. Mshindani wake Disney+ ilifungua mlango Novemba 2019 kwa dola 6.99, na mwisho wa 2024 kifurushi kisicho na matangazo ya biashara kilikuwa dola 15.99.

Zile bei za mwanzo zilikuwa chambo. Kampuni zilikuwa zinakusanya wateja kwanza, faida baadaye, na wawekezaji walivumilia hasara mradi idadi ya waliojiunga inapanda. Mwaka 2022 Netflix ikapoteza wateja kwa robo mbili za mwaka mfululizo, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa zaidi ya miaka kumi, na upepo ukageuka kwa sekta nzima. Karibu yote yanayowakera sasa, bei kupanda, matangazo kuingia, akaunti za kugawana kubanwa, yalishika kasi kuanzia hapo.

Vipi hizi huduma zinazoleta chaneli zote za kebo kupitia intaneti? Si ndiyo dawa yenyewe?

Ilikuwa dawa kwa miaka michache. YouTube TV, mojawapo ya huduma hizo Marekani, ilianza 2017 kwa dola 35 kwa mwezi. Januari 2025 ilifika dola 82.99.

Sababu haiko kwenye waya. Mwenye chaneli humtoza msambazaji kiasi fulani kwa kila mteja, kila mwezi, mteja aitazame asiitazame. Ada hiyo inalipwa chaneli ipite kwenye kebo, kwenye dishi au kwenye intaneti. Na chaneli za michezo ndizo ghali kuliko zote, kwa hiyo bibi anayeangalia taarifa ya habari tu anachangia mpira asioujua. Unachookoa kwenye huduma hizi ni kodi ya king'amuzi, mkataba na faini ya kujitoa. Si haba, lakini zile chaneli zenyewe utazilipia tu.

Bando langu ni la kupimwa. Kustrimu kutanila kiasi gani?

Swali zuri, na matangazo huwa yanaliruka. Kwa vipimo vya Netflix yenyewe, saa moja ya picha ya kawaida inakula hadi GB 0.7. Picha ya HD, iliyo kali zaidi, inafika GB 3 kwa saa, na 4K, kali kuliko hiyo, GB 7. Piga hesabu ya saa mbili kwa siku, mwezi mzima: GB 42 kwa picha ya kawaida, 180 kwa HD, 420 kwa 4K. Filamu ni ile ile, data mara kumi. Kebo haigusi bando lako hata kidogo, na hilo ni pato ambalo bili haiandiki.

Kama umeamua kustrimu, usiachie televisheni ikuchagulie ubora. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tafuta sehemu ya matumizi ya data, shusha. Kwenye simu tofauti ya picha hata huioni. Zima pia ule mtindo wa kipindi kinachofuata kuanza chenyewe. Wapo wanaolala wakaamka bando limekwisha na tamthilia imefika msimu wa tatu.

Kasi nayo isikutishe. HD kamili inahitaji kama megabiti 5 kwa sekunde, 4K kama 15. Anayekushawishi ununue mamia kwa ajili ya televisheni moja anakuuzia kitu kingine.

Bila mpira mimi sina haja ya televisheni. Kila mtu ananiambia kata kebo. Nikate?

Usikate kwanza, ndugu yangu. Chukua karatasi. Upande mmoja andika mashindano unayoyafuata kweli, siyo yale unayoyaangalia kwa kuwa yapo. Upande wa pili andika nani ana haki ya kuyaonyesha ulipo. Haki zinauzwa nchi kwa nchi na kwa miaka maalumu, hivyo alichokuambia binamu yako aliye ng'ambo hakikuhusu.

Mtindo wa sasa ni kuzikata haki vipande. Marekani, mechi za Alhamisi usiku za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, zilihamia Prime Video, huduma ya kustrimu ya Amazon, mwaka 2022, na ligi yao ya soka, MLS, ikaenda Apple mwaka 2023. Shabiki aliyekuwa analipia sehemu moja sasa anachangia tatu au nne. Kwenye karatasi yako majina yakifika matatu, kebo au dishi huenda bado ndiyo nafuu, na mimi sioni aibu kulisema hilo. Likitoka jina moja, kata leo.

Ligi nyingi za soka huchezwa kama miezi tisa au kumi. Ukiwa kwenye huduma ya mwezi mwezi, ile miezi ya mapumziko usiilipie. Inashangaza watu wangapi wanailipia.

Jambo la mwisho halina bei lakini linauma: matangazo ya moja kwa moja kupitia intaneti huchelewa, mara nyingi nusu dakika au zaidi. Jirani mwenye antena atashangilia goli wakati kwako kona ndiyo kwanza inapigwa. Siku ya fainali zima simu, na ufunge dirisha.

Vifurushi vya bei ya chini vyenye matangazo vinafaa, au ni kujitesa?

Vinafaa. Kwenye kebo unalipa na matangazo unayaona, tena mengi zaidi. Ukitazama filamu mbili tatu kwa wiki, kubaliana nayo, utaokoa karibu nusu ya bei kwenye baadhi ya huduma. Ila soma maandishi madogo: baadhi ya vifurushi hivyo haviruhusu kupakua, na si kila filamu imo. Amazon waliugeuza utaratibu kabisa: Januari 2024 waliingiza matangazo Prime Video kwa wateja waliokuwepo, na aliyetaka yaondoke akatakiwa kuongeza dola 2.99 kwa mwezi.

Mdogo wangu kaoa na kahama, lakini bado anatumia nywila yetu. Sasa tunaambiwa tulipie. Ni haki?

Kwa masharti uliyokubali siku ya kujiunga, ndiyo. Netflix ilianza kubana sehemu kubwa ya dunia mwaka 2023 na Disney+ ikafuata 2024: akaunti ni ya nyumba moja. Mnaweza kumwongeza kama mwanachama wa ziada, ambayo kwa kawaida ni nafuu kuliko akaunti mpya isiyo na matangazo. Nani alipe, hilo mlimalize nyumbani, mimi simo.

Mama yangu ana miaka 74. Anajua kuwasha, kuzima na kubadilisha chaneli mbili. Kaka anataka tumkatie kebo tuokoe pesa.

Mwacheni mama na rimoti yake. Akibaki mbele ya kioo chenye vijisanduku ishirini vinavyodai nywila, mtakachookoa kitaishia kwenye nauli za kwenda kumwashia.

Lakini ziangalieni hizo chaneli mbili. Kama ni za bure za hewani, antena inayonunuliwa mara moja inazishika bila bili ya mwezi, mradi mawimbi yanafika vizuri na televisheni au king'amuzi chake kinasoma mfumo wa dijitali wa nchi yenu. Jaribuni kwanza bila kukata kebo. Yeye mwenyewe asipoona tofauti kwa wiki kadhaa, hapo kaka yako atakuwa na hoja. La sivyo, piga simu kwa kampuni uombe kifurushi kidogo kabisa; kipo mara nyingi, ila hakitangazwi.

Niliifuta programu kwenye simu miezi mingi iliyopita, bado wananikata hela. Huu si wizi?

Si wizi, dada, ingawa najua unavyosikia. Kufuta programu kwenye simu hakukutoi kwenye huduma. Usajili unabaki hai kwao. Jitoe kule kule ulikojiungia. Ulijiunga kupitia tovuti yao, ingia kwenye tovuti, kwenye akaunti. Ulijiunga kupitia duka la programu la simu, fungua duka hilo utafute sehemu ya usajili. Kama makato yanapitia kampuni ya simu au ya intaneti, huenda ukalazimika kuwapigia wao.

Kabla ya kuanza, angalia taarifa ya benki au ya simu uone jina linalokata. Ndilo litakaloonyesha mlango ulioingilia. Ukimaliza, subiri ujumbe wa kuthibitisha na uuhifadhi. Huduma nyingi hukuachia uendelee kutazama hadi siku ulizolipia ziishe, kwa hiyo huna sababu ya kungoja mwisho wa mwezi. Hela za miezi iliyopita omba urudishiwe, lakini usizipangie matumizi.