Mume wangu anasema kile ni kilima tu

SWALI: Shikamoo Mama. Mwezi wa nane tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na mume wangu ameshalipia safari ya Mauritius. Anataka siku moja tupande mlima unaoitwa Le Pouce, tupite mgongoni hadi kileleni. Yeye amefika kilele cha Meru mara mbili, kwa hiyo huo wa mita 812 anauita kilima tu. Mimi nikisimama ghorofa ya tatu magoti yanalegea. Niende, au nimsubiri ufukweni?
Mke wa mpanda Meru, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni sana. Nenda. Ila usiende kwa sababu pesa imeshalipwa, na asikupeleke kwa mwendo wa Meru.

Nimeongoza wageni Kilimanjaro miaka 19, na huo mlima unaouliza nimeupanda na mzee wangu, mwaka tuliokwenda kumtembelea binti yetu aliyekuwa akisoma kule. Nakueleza nilipokanyaga mwenyewe.

Kwenye suala la pumzi mumeo yuko sahihi. Arusha mnaishi kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kilele cha Le Pouce kiko chini kabisa ya sebule yako. Kichwa hakitakuuma, hutatapika. Lakini Meru mnapanda usiku, kwenye baridi na majivu makavu ya volkano. Kule ni joto la unyevu, jasho halikauki mwilini, na udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Upepo wa kusini-mashariki unasukuma mawingu kutoka baharini, yakigonga milima yanamwaga mvua hata msimu wa kiangazi. Agosti mmechagua vizuri, kwa kuwa vimbunga vyao huja kati ya Novemba na Aprili. Anzeni alfajiri.

Mtapita kwanza kwenye mashamba ya miwa, kisha vichaka vya mapera, yale madogo mekundu, mti wa kigeni uliovamia misitu yao. Mkitoka hapo mko begani mwa mlima. Port Louis, mji mkuu wao, na bandari yake iko chini yenu, na mbele mnauona mlima Pieter Both, wenye jiwe kubwa la duara juu kabisa, kama kichwa kwenye shingo. Kilichobaki ni kidole gumba chenyewe, maana ndilo jina Le Pouce kwa Kifaransa. Ni kipande kifupi, kimesimama, kina mawe, na mikono inafanya kazi sawa na miguu. Charles Darwin alikipanda mwaka 1836.

Ni hapo chini ya kidole, tukiwa tunashuka, mzee wangu aliponinyooshea mkono. Alifanya kwa upendo, nami nikaushika kwa upendo. Jiwe lilikuwa na ule ukijani mwembamba wa unyevu, huuoni mpaka mwanga uuguse kwa pembeni. Kiatu kikatoka, uzito wangu wote ukamwangukia yeye, tukaporomoka pamoja kama mita tatu hadi mapera yalipotudaka. Mimi kiganja kilichubuka, yeye goti lilivimba wiki nzima. Kama kila mmoja angejishikilia mwenyewe, ningeteleza mimi peke yangu, ningekaa kitako, basi.

Kwa hiyo mwanangu, kwenye mgongo wa mlima msishikane mikono. Mkipanda, wewe tangulia, yeye afuate nyuma. Mwendo ni wako. Mkishuka, yeye atangulie hatua mbili, ageuke, akuonyeshe kwa kidole pa kukanyaga. Penye mwinuko mkali shuka kwa makalio, suruali itafuliwa. Ukitembea, macho yawe kwenye jiwe lililo hatua moja mbele. Ukitaka kuangalia bandari, simama kwanza kabisa.

Na kabla hamjatoka hotelini mkubaliane neno moja. Sisi letu lilikuwa "basi". Atakayelitamka, wote mnageuka, bila mjadala, na bila lawama usiku. Mwonyeshe mumeo aya hii. Ukisema basi pale begani, utakuwa umeshaona karibu yote atakayoyaona yeye juu, na mimi sitakuhesabu kwamba hukufika.

Viatu: soli yenye meno makali, nyepesi. Mimi vyangu nilivipata mitumbani, Memorial hapa Moshi. Maji lita mbili kila mtu. Na kabla ya safari njooni Materuni siku moja baada ya mvua, mjaribu ule utaratibu wa kushuka kwenye tope la njia ya maporomoko.

Kuna jambo hukuuliza. Mumeo akiutaja Le Morne, mlima mwingine wa huko huko Mauritius, wenye mita 556, asidanganyike na ufupi. Sehemu ya juu ni ya kukwea mwamba. Lakini nendeni mpaka chini yake. Watumwa watoro walijificha kwenye mwamba ule, na mwaka 2008 UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu elfu moja kila mwaka, wapelekwe visiwa vile. Kilwa yetu hii. Mzee wangu alivua kofia, tukakaa pale mpaka jua likazama baharini. Nendeni jioni.