Kabla hujahamia jimbo lingine na leseni yako ya PA, soma hii kwanza

Ndugu zangu mliopo Marekani, hasa nyie mliosomea afya nyumbani na sasa mnapiga hesabu ya kusomea PA (physician assistant, mtabibu anayepima wagonjwa na kuandika dawa ila si daktari), na nyie ambao leseni mnayo tayari ila mnataka kuhama kwa sababu mmesikia huko nyumba ni bei rahisi, naomba mnisikilize maana hili jambo liliniumiza mimi na likamuumiza na mgonjwa.

Mimi nilikuwa afisa tabibu kwenye zahanati moja huko Tanga. Mnaojua zahanati mnajua, usiku ni wewe na nesi mmoja, malaria kali ni wewe, jeraha la panga ni wewe, mtoto ana degedege ni wewe, daktari yuko hospitali ya wilaya na gari hamna. Nikaja Minnesota, nikahudumia wazee miaka kadhaa, nikarudi darasani. Na hapa niseme mapema kwa sababu naulizwa sana: diploma ya nyumbani haigeuzwi kuwa leseni ya PA, hata kama ulimaliza udaktari kamili huko, lazima usome chuo cha PA kilichoidhinishwa hapa, vingi ni kama miezi 27, ndo ukae mtihani unaoitwa PANCE. Huo mtihani ni mmoja nchi nzima. Sheria ya kazi yenyewe ndo kila jimbo lina ya kwake, na hapo ndo tunapojikwaa.

Nilifanya kazi Minnesota nikazoea. Sheria yao ilibadilishwa 2020, wakaondoa habari ya kusimamiwa kwa mtindo wa zamani, PA mpya anafanya kazi kwa kushirikiana na daktari mpaka afikishe saa 2,080, ambayo ukipiga hesabu ni mwaka mmoja wa saa 40 kwa wiki. Mimi nilishazipita mbali. Dawa nilikuwa naandika zote mpaka zile za kundi la 2, yaani dawa kali zinazodhibitiwa sana kwa sababu zinalevya, mofini na wenzake. Basi nikapata ofa Texas, mshahara mzuri, kliniki iko karibu na mtaa wenye Wakongo wengi na wao walitaka mtu anayejua Kiswahili. Wakanipa makaratasi, mojawapo ni mkataba wa kuandika dawa kati yangu na daktari, nikasaini siku hiyohiyo. Sikusoma. Niliona ni fomu tu kama fomu nyingine.

Wiki ya tatu, Ijumaa saa tisa alasiri, akaletwa mzee mmoja Mkongo, saratani imeingia kwenye mifupa, vidonge vyake vimeisha. Alikuwa amekaa upande kwenye kiti kwa sababu nyonga hairuhusu, ameshika kitambaa anakiuma. Ananiambia, "Docta, niko nasikia maumivu sana." Nikamwandikia mofini ileile aliyokuwa anatumia, nikatuma kwenye kompyuta, nikamwambia mwanae nendeni famasi mkachukue. Baada ya nusu saa mfamasia akanipigia. Kwa upole kabisa akaniambia kwamba PA kwa Texas hawezi kumwandikia dawa ya kundi la 2 mgonjwa wa kliniki ya kawaida, hiyo ni kwa wagonjwa wa hospitalini, emajensi au hospisi (huduma ya walio ukingoni mwa maisha), kwa hiyo hawezi kuitoa. Daktari wangu alikuwa kwenye ndege. Nikapiga, nikaacha ujumbe, nikapiga tena. Yule mzee na mwanae walikaa kwenye gari nje ya famasi mpaka saa moja na robo usiku, daktari aliposhuka akawasha simu akaiandika yeye.

Zaidi ya saa tatu za maumivu ya mifupa. Nilichojua kuhusu mofini hakikupungua nilipovuka mpaka, kilichobadilika ni sheria tu, na hiyo sheria ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi nililosaini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na ndo mkubwa, usimwamini wakala wa ajira akikwambia "PA ni PA". Fungua sheria ya jimbo lenyewe na kanuni za bodi yao, tafuta vitu vinne hivi kabla hujasaini: dawa zipi unaruhusiwa kuandika na kwa mgonjwa wa wapi, mkataba na daktari unahitajika au hauhitajiki, daktari mmoja anaruhusiwa kuwa na watu wangapi chini yake (Texas ni saba, ukijumlisha na manesi wa ngazi ya juu), na yeye akiondoka inakuwaje. Hili la mwisho watu hawaliulizi. Pale uwezo wako wa kuandika dawa unapotoka kwenye mkataba, daktari akistaafu au akifariki wewe kesho yake unaweza kuamka na leseni halali mkononi lakini huwezi kuandika hata dawa ya presha. Dai daktari mbadala aandikwe kwa jina humohumo kwenye mkataba. Wakikataa, jiulize kwa nini.

Tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani jamani. Kazi hii ilianza 1965 chuo cha Duke, wanafunzi wanne waliotoka jeshi la majini, lakini Indiana waliruhusu PA kuandika dawa 2007, na Kentucky dawa zinazodhibitiwa waliruhusu 2020, tena kuanzia kundi la 3, zile kali za kundi la 2 hazikuwemo. Huku North Dakota wao 2019 walishaondoa mkataba wa lazima na daktari, Wyoming wakafuata 2021, Montana 2023 wakasema ukifikisha saa 8,000 mkataba basi. Oregon 2024 wakabadilisha mpaka jina la kazi.

Madaktari wengi wanapinga na chama chao kikubwa kinapinga waziwazi, wanasema miaka yao ya masomo hailingani na yetu. Nawaelewa na sitaki tuwabeze. PA aliyemaliza juzi anahitaji mtu wa kumuuliza, mimi mwenyewe mwaka wa kwanza niliuliza kila siku. Ndo maana naona sheria za kuhesabu saa ndo zenye akili, zinamlinda mgonjwa na hazimfungi mtu wa miaka 15 kazini. Ila kumfungia mzee wa saratani mofini yake kwa sababu amekuja kliniki badala ya emajensi, hapo sioni nani analindwa.

Halafu kuna hii ya simu na video. Sheria inayohesabika ni ya jimbo alipo mgonjwa wakati mnaongea, sio ulipo wewe. Mgonjwa wako wa Minnesota akienda Wisconsin kwa dada yake akakupigia kutoka huko, umeshavuka mpaka bila kuondoka kwenye kiti. Kila simu mimi naanza na "uko wapi sasa hivi?" na naandika jibu. Na ule mpango wa majimbo kutambuliana leseni, ambao ulifikisha majimbo saba Aprili 2024 Virginia walipoingia, utarahisisha karatasi za leseni tu, mipaka ya kazi bado ni ya jimbo alipo mgonjwa.

Mzee aliingizwa hospisi wiki mbili baadaye, na huko dawa yake niliruhusiwa kuiandika. Mkataba wangu wa sasa una majina ya madaktari watatu, na namba zao za mkononi nimezibandika nyuma ya beji.