Vyakula vya kiangazi: nsansa na michembe

SWALI: Nyumbani tumeamua kula vya huku kwetu tu, kwa msimu wake. Wakati wa mvua kunde na mlenda ni tele, lakini ikifika Agosti sokoni inabaki kabichi iliyotoka mbali. Mwaka huu nilianika majani ya kunde juu ya bati. Yakapauka kama nyasi, na mengine yameota ukungu mfukoni. Nimekosea wapi? – Mama wawili, Kahama

JIBU: Kosa la kwanza ni bati. Jua kali huua rangi ya kijani pamoja na karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na bati likishapata moto linayachoma kwa chini. Nsansa nzuri, yaani majani makavu ya kunde, hukaushwa kivulini penye upepo, juu ya kichanja kirefu ambacho kuku hawafiki. Funika kwa chandarua, ila kisiwe kilichotiwa dawa ya mbu.

Chuma majani machanga, kunde zikiwa bado hazijatoa maua. Yaliyokomaa hayalainiki hata ukiyapika nusu siku. Osha, kisha yatumbukize kwenye maji yanayotokota kwa dakika 2 au 3. Ukijaza sufuria maji yanapoa, majani yanavundika tu, hivyo weka kiganja kiganja. Hatua hii wengi huiruka, kumbe ndiyo inayozuia majani kuendelea kubadilika rangi na harufu yakiwa yamehifadhiwa. Chuja, tandaza tabaka jembamba, geuza mara kadhaa kwa siku.

Ukungu umetokana na haraka ya kufunga. Jani hukauka mapema, kikonyo kinachelewa, kwa hiyo pima kikonyo: kikipinda bila kuvunjika, rudisha kichanjani. Yakishakauka yaache yapoe kabisa, kwani yakifungwa na joto hutoa jasho ndani. Kilo 10 mbichi hutoa takriban kilo 1. Zigawe katika vifungashio vidogo vya mlo mmoja. Yenye ukungu tupa yote, usiyaanike upya.

Kupika: loweka katika maji ya uvuguvugu nusu saa, chemsha hadi yalainike, ndipo utie karanga zilizosagwa. Karanga zikitangulia zitashika chini majani yakiwa bado magumu.

SWALI: Michembe yangu (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa) hutobolewa na wadudu kabla ya Oktoba. Nihamie matobolwa? – Msomaji, Nzega

JIBU: Hutapona hivyo. Tofauti ni kwamba matobolwa viazi huchemshwa kwanza, michembe huanikwa mibichi baada ya viazi kunyauka. Wadudu hawachagui. Kata vipande vya unene wa nusu sentimita, vilingane. Kinene hubaki na unyevu katikati. Viingize ndani jioni kabla ya umande. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, si gunia la mwaka jana, na kila mwezi uvianike juani siku nzima. Kiazi kilicholiwa na fukusi shambani usikianike kabisa: uchungu wake hautoki.