Mtoto Hapendi Sayansi? Mpeleke Akaone Fuvu, Kisha Mpe Muhogo Mbichi

Juzi niliweka picha ya binti yangu akiwa na cheti cha maonyesho ya sayansi ya shuleni kwao. Nilijivuna, sikatai, ningekuwa na pesa ya bango ningelibandika Ubungo. Kesho yake nikakuta ujumbe wa mama mmoja: "Shikamoo dada, hongera sana. Wa kwangu yuko la sita, sayansi kila mtihani anaambulia D, na tuisheni nalipa. Huyo wako anasoma wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Anasoma shule ya serikali, madarasa yamejaa, dawati wanabanana, na tuisheni haendi. Najua unachokitaka, maana ndicho ninachokitaka mimi na kila mzazi anayenisoma hapa: mtoto afike kidato cha tano achukue mchepuo wa sayansi, PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au PCM (fizikia, kemia, hisabati), kwa kupenda mwenyewe, asiwe amesukumwa wala kufukuzwa. Kaa nikusimulie.

Mimi sayansi niliachishwa. Kidato cha pili mwalimu wa fizikia aliuliza kwa nini barafu inaelea kwenye maji. Jibu nilikuwa nalo, maana mama yangu aliuza barafu na niliona chupa za kioo zinavyopasuka kwenye friji: maji yakiganda yanatanuka, uzito uleule unachukua nafasi kubwa zaidi. Kiingereza ndicho kilichonikimbia. Nikajibu kwa Kiswahili. Mwalimu akanitazama, akasema, "Wewe kajipange na historia," darasa zima likacheka. Hakusema kama jibu ni sahihi au si sahihi. Maabara yetu ilikuwa na kufuli na ufunguo ulikaa ofisini. Tulikuwa tukichungulia dirishani kuona vyombo vya kioo vikila vumbi. Historia niliisoma, nikafaulu, na nina kazi yangu. Lakini kile kicheko bado nakisikia, na siku binti aliponiambia "sayansi ni ya kukariri tu, mama," nilikisikia tena karibu kabisa.

Ndipo tukaenda Makumbusho ya Taifa. Tahadhari kwanza kwa wageni wa jiji: ukipanda daladala iliyoandikwa Makumbusho utashukia stendi ya Kijitonyama, jirani na Kijiji cha Makumbusho penye nyumba za asili. Ni pazuri, ila fuvu haliko kule. Wewe panda gari la Posta au mwendokasi mpaka Kivukoni, halafu ulizia Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Bustani ya Mimea.

Chumba kimoja kimoja sitakueleza. Mdogo wake aliishia kwenye magari ya zamani ya viongozi na hakutoka tena. Binti yeye aliganda mbele ya Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Fuvu lina uso mpana, magego ya kutisha ukubwa, na utosini kuna ukingo wa mfupa uliosimama kutoka mbele kwenda nyuma. Mary Leakey aliliona huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe, Louis, alikuwa amelala kambini anaumwa. Binti alilipenda sana hilo la baba kulala na mama kwenda kuokota fuvu la miaka kama milioni 1.75, mume wangu amelisikia mpaka amechoka.

"Mama, mbona ana upanga kama wa jogoo?"

Nilikuwa nalijua jibu, nikaubana mdomo. Ushauri wangu wa kwanza ndio huo, na wa pili na wa tatu pia ndio huo: usijibu haraka. Nikamwambia, tukifika nyumbani tutatafuna kitu.

Jioni nikamenya muhogo mbichi. Nikamwambia aweke vidole kwenye panja, atafune mkate kwanza, kisha muhogo. Kwa mkate, chini ya vidole husikii kitu sana. Ukiuma muhogo mbichi, msuli unavimba, unasukuma kidole, na ukiufuata unapanda mpaka juu ya sikio. Jaribu sasa hivi, hakuna anayekuona. Akatafuna, akanyamaza, akawa anapandisha vidole taratibu kuelekea utosini akitafuta msuli unapoishia. Kwetu sisi unaishia ubavuni mwa kichwa. Halafu akasema mwenyewe, mdomo umejaa: "Wake ulikuwa mkubwa, ukafika juu kabisa, ukakosa pa kujishikiza. Ndiyo maana akawekewa ule mfupa." Hilo la "akawekewa" tulilijadili siku nyingine, lakini jibu ndilo hilo. Ukingo ule ni mahali pa misuli ya kutafunia kushika. Mtoto huyo huyo wa "sayansi ni ya kukariri."

Raha iliendelea. Kwa sababu ya magego yale, kwa miaka mingi Zinj aliitwa mvunja njugu. Baadaye wataalamu walipochunguza mikwaruzo kwenye meno ya jamaa zake na kupima kaboni iliyomo ndani ya meno hayo, wakakuta dalili za nyasi na mimea ya jamii ya ndago kuliko njugu ngumu. Nilipomsomea hayo binti alifurahi kama aliyeshinda kesi. "Kumbe na wao wanasahihishwa!" Ningemlipa mtu aniambie hivyo nikiwa kidato cha pili.

Kutoka kwenye fuvu tukaingia kwenye nyayo za Laetoli. Watu wa kale walipita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, majivu yakakauka yakawa magumu, mengine yakayafunika, na nyayo zikakaa humo miaka kama milioni 3.66 mpaka timu ya Mary Leakey ilipozifukua kuanzia 1978. Fundi dari wa mtaani alitupa jipsamu iliyobaki kazini. Tukaweka tope la mfinyanzi kwenye beseni, binti akakanyaga, tukaacha tope likauke kidogo, tukamimina uji wa jipsamu ndani ya unyayo. Mtoto asitumbukize mkono wala mguu kwenye jipsamu: ikiganda inatoa joto, na ikiwa nyingi inaunguza. Ashike kopo kwa nje tu asikie linavyopata moto. Hilo peke yake ni somo la kemia.

Kisha tukachukua futi ya kushonea. Urefu wa unyayo gawa kwa kimo: mimi 24 kwa 160, inakuja 0.15. Baba yao 27 kwa 174, inakuja 0.155. Dada wa kazi, jirani, wajomba, wote humo humo, karibu asilimia 15. Bibi yao alikataa, akasema mama mkwe hapimwi miguu, lakini alipoona wenzake wote wameandikwa kwenye daftari akavua kandambili mwenyewe. Binti akageuza hesabu. Unyayo mdogo wa Laetoli una kama sentimita 18.5, mkubwa wa zile zilizofukuliwa mwanzo kama 21.5. Gawa kwa 0.15, unapata mtu wa sentimita 123 na mwingine wa 143. Akaenda kusimama ukutani, akachora mistari miwili kwa penseli, akajipima nayo. Mstari ule sijaufuta na mwenye nyumba hajui.

Mwenye mjusi wa Tendaguru kichwani, yule dinosaria mkubwa, atauliza kama tulimwona. Yule yuko Berlin. Mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na ikasafirishwa na Wajerumani, na hapo nina maneno mengi nitayamezea kwa leo. Alivyosimamishwa kule ana kimo cha mita 13.27. Tulipima kamba ya urefu huo tukaitandaza kichochoroni, na kabla hatujafika mwisho majirani walishatoka kuuliza nani anauza kiwanja.

Sasa kile kilicholeta cheti. Shati la shule lilidondokewa mchuzi wenye binzari ya manjano, nikapaka sabuni ya mche, doa likawa jekundu. Kina mama tumeliona hilo tangu tuolewe. Binti ndiye aliyeuliza. Nikampa ndimu apake, doa likarudi njano. Basi, nyumba ikageuka maabara. Alichemsha choya, akagawa maji yake mekundu kwenye vikombe: penye ndimu wekundu ukakolea, penye siki vilevile, penye magadi yakawa ya kijani kilichoiva karibu na weusi, na maji ya majivu yakafuata njia ya magadi. Kumbe rangi ya choya na ya manjano zinatambua asidi na besi, kazi ileile ya karatasi za litimasi zilizokuwa nyuma ya kufuli letu. Kwenye maonyesho majaji walimuuliza kwa nini ameweka na kikombe cha maji ya chumvi wakati hakijabadilika. Akajibu, kwa Kiswahili, "Ili muone kwamba si kila kitu kinabadilisha rangi." Nikatoka nje kidogo. Vumbi lilikuwa jingi.

Ndugu zangu, tusidanganyane. Tumezoea kulipa ada, tuisheni na vitabu vya maswali na majibu, halafu mtoto akiuliza swali jikoni tunamwambia atupishe tunapika. Jikoni ndiko kuliko na asidi, besi, joto, mvuke na barafu. Muulize. Mpe apime. Usijibu haraka. Akikuta jibu kwa mikono yake na akaweza kulisema kwa lugha anayoiota usiku, Kiingereza kitakuja kumkuta akiwa na kitu cha kusema. Na ninyi walimu wachache mnaocheka watoto, wengi wenu si hivyo, lakini wachache mpo: mtoto anakumbuka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tuisheni endelea kulipa kama imekukalia moyoni, ila Jumamosi moja mpeleke. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni. Msizunguke kila chumba. Mwache achague kitu kimoja, akisimamie mpaka akuulize, na swali hilo mlibebe nyumbani. Magadi umpimie wewe kwa kijiko, yasiingie machoni, na vikombe vya majaribio visirudi kabatini pamoja na vya chai. Vyangu nimevipaka rangi ya kucha kwenye kitako, kwa sababu baba yao alishakunywa choya ya magadi.