Ngege wa bibi yuko wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Kila nikimpelekea bibi samaki anaangalia mkia, anasema, "Huyu si ngege." Mchuuzi naye anaapa kwamba ni ngege. Nani mkweli? Halafu nataka kuchimba bwawa kando ya mafunjo, nipande samaki gani? – Msomaji, Musoma

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Bibi ndiye mkweli, na ameangalia mahali penyewe hasa. Sato, samaki mgeni anayefanana na ngege, ana mistari ya kusimama mkia mzima, ngege hana. Siku hizi wachuuzi wengi humwita sato "ngege" kwa kuwa jina linauza, na wateja waliomla ngege mwenyewe wamebaki wazee tu.

Mimi nimezaliwa Shirati, na baba alitega makila, yaani nyavu za kutegea samaki. Nyavu hizo ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905 upande wa Kisumu, na ngege ndiye aliyezijaza. Mwingereza Michael Graham alipolipima ziwa mwaka 1927 na 1928, alikuta samaki tayari wanapungua, akashauri nyavu zenye macho chini ya inchi 5 zipigwe marufuku. Yeye ndiye aliyempa ngege jina la kisayansi, esculentus, maana yake "wa kuliwa". Kwa hilo sina ubishi naye.

Uvuvi peke yake haukummaliza. Miaka ya 1950 na 1960 waliletwa sato na sangara. Sangara alimla. Sato alifanya ujanja wa kimyakimya zaidi: alichukua chakula chake na mazalia yake, kisha akazaa naye. Ngege jike huatamia mayai mdomoni, na vifaranga wakishaanza kuogelea bado hurudi humo wakiona hatari. Lakini mdomo wa mama hauwezi kumkinga mtoto na damu ya baba aliye sato.

Waliosalia wamejificha katika viziwa vya pembeni. Nilipokwenda kuzika ndugu Siaya, nilipitia ziwa Kanyaboli, kwenye kinamasi cha Yala. Mafunjo yamelitenga na ziwa kubwa, na maji yaliyo chini yake yana hewa haba, ambayo sangara haivumilii. Kijana mmoja alinionyesha kapu la ngege wadogowadogo, mikia myeupe bila mstari. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaanza kupiga honi. Hata huko, vipimo vya vinasaba vimeonyesha damu ya sato imeshapenya.

Ndiyo maana bwawa lako linanitia wasiwasi. Ukipanda sato, mvua kubwa ikifurika vifaranga wake watapita kwenye mafunjo bila kukuaga. Chimba juu mlimani, mbali na kinamasi, tuta liwe refu na bomba la kutolea maji liwe na wavu mdogo. Ukikosa sehemu ya juu, fuga kuku kwanza.

Na ukimpata mwenye mkia usio na mistari, usimkaange kabla hujamwonyesha bwana samaki, yaani afisa uvuvi. Bibi naye muite aje amwone.